Mabehewa Mawili, Kamba Moja: Kisa cha Glória, Lisbon

Jioni ya tarehe 3 Septemba 2025, dakika chache baada ya saa 12, behewa la juu la Elevador da Glória, reli fupi ya kilimani mjini Lisbon, Ureno, yenye mabehewa mawili yaliyounganishwa kwa kamba, lilianza kushuka kuelekea uwanja wa Restauradores. Wakati huohuo, behewa mwenzake lilianza kupanda kutoka chini. Hayakuwa yamesogea zaidi ya mita 6 hivi kamba ya chuma inayoyaunganisha ilipoachia. La chini lilirudi nyuma ghafla na kukwama baada ya mita kama 10, sehemu yake ikiwa imepita mwisho wa njia. La juu lilishuka kwa kasi iliyozidi kuongezeka, likaenda mita 170 hivi hadi kwenye kona iliyo mwishoni mwa barabara ya Calçada da Glória, likaacha reli, likalalia upande na kugonga ukuta wa jengo kwa mwendo unaokadiriwa kuwa kilomita 60 kwa saa. Tukio zima halikufikisha sekunde 50. Watu 16 walipoteza maisha na wengine zaidi ya 20 walijeruhiwa.

Mshika breki wa behewa hilo alikuwa miongoni mwa waliokufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba alivuta breki ya upepo na breki ya mkono mara tu alipohisi hali imebadilika. Alifanya kila kitu ambacho mtu aliyefunzwa anatakiwa kufanya. Behewa halikupunguza mwendo.

Nataka kukichambua kisa hiki kwa jicho la mtu anayejali lifti na mizani yake, yaani jinsi uzito wa pande mbili unavyosawazishana, kwa sababu naona mjadala mwingi uliishia kwenye kamba: nani aliinunua, nani aliikagua, ilikatikaje. Hayo ni maswali ya haki na familia za waliokufa zinastahili kujibiwa. Lakini kwangu swali zito zaidi ni la breki. Kamba yoyote ya chuma huchakaa, na ipo siku mojawapo itaachia mahali fulani duniani. Kwa nini basi, kamba hii ilipoachia, hapakuwa na kitu kingine cha kulishika behewa?

Tuanze na jinsi chombo chenyewe kilivyofanya kazi hadi siku ya ajali. Glória ilifunguliwa mwaka 1885, kazi ya mhandisi Raoul Mesnier du Ponsard, ili kuwapandisha watu kutoka katikati ya mji hadi mtaa wa Bairro Alto ulioko kilimani. Mabehewa yako mawili, yakipita kwenye barabara ileile yenye mteremko wa takriban asilimia 18. Chini ya lami, kwenye mfereji mwembamba kati ya reli, inapita kamba ya chuma. Kila ncha imefungwa kwenye behewa moja, na katikati kamba hiyo inazunguka gurudumu kubwa lililoko juu ya kilima. Moja likishuka, jingine lazima lipande. Hapo mwanzo walitumia maji: behewa la juu lilijazwa tangi, likawa zito kuliko la chini, likashuka na kumvuta mwenzake. Baadaye ukaja mvuke, na mwaka 1915 njia ikawekewa umeme. Tangu hapo mota ziko ndani ya mabehewa yenyewe na umeme unachukuliwa kwenye waya wa juu, lakini kamba ilibaki, kwa sababu ndiyo inayoleta usawa.

Hakuna jiwe la uzito la pembeni kama lile la lifti ya ghorofani. Kila behewa ndilo uzito wa kusawazisha wa mwenzake. Aliyewahi kubeba maji kwa mzegazega anaijua hali hiyo begani: madebe mawili yaliyojaa ni mazito, lakini mti unatulia; debe moja likidondoka, lile lililobaki linakuvuta upande mzima kwa uzito wake wote, ghafla, kabla hujajiandaa.

Hesabu inaonyesha ukubwa wa jambo hili kuliko maneno. Kwenye mteremko wa asilimia 18, kila tani moja iliyoko juu ya reli inavuta kuelekea chini kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 177. Behewa la Glória liliruhusiwa kubeba abiria 42. Tukimpa kila abiria kilo 70, wote pamoja hawafiki tani 3. Chukua hali ngumu kuliko zote katika siku ya kawaida: behewa la juu limejaa, la chini ni tupu. Mabehewa yenyewe yanafutana kwa sababu uzito wao ni sawa, na tofauti inayobaki ni abiria tu. Breki zinatakiwa kushindana na mvuto wa kilo 520 hivi, basi.

Sasa kata kamba. Kwa ajili ya hesabu, tuseme behewa tupu lina tani 14. Likijaa linakaribia tani 17, na mvuto wake kuelekea chini ni karibu kilo 3,000. Mzigo wa breki umepanda karibu mara sita kwa mpigo mmoja. Breki iliyosimamisha behewa kila siku bila taabu inatakiwa sasa kubeba kitu ambacho haikuwahi kukibeba.

Ndivyo ilivyosema taarifa ya kwanza ya ofisi ya serikali ya Ureno inayochunguza ajali za ndege na reli, GPIAAF, iliyotolewa siku tatu tu baada ya ajali. Kwa ushahidi uliokuwepo, breki za mabehewa hazina uwezo wa kuyasimamisha yakiwa kwenye mwendo bila uzito wao mtupu kusawazishwa kupitia kamba. Kwa hiyo, ikasema taarifa, hazikuwa kinga ya pili endapo kiungo hicho kitaachia. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na bado inanisumbua, kwa sababu maana yake ni kwamba kamba ilikuwa na kazi mbili, kuvuta na kulinda, na watu waliamini kazi ya pili ni ya breki.

Hapa kuna jambo ambalo kila fundi anapaswa kulitafakari. Mabehewa haya yalisimama salama kila siku. Kila kituo, kila zamu, breki zilifungwa na behewa likatulia. Mtu yeyote aliyetazama angeandika kwenye daftari kwamba breki ni nzima, na asingekuwa amedanganya. Lakini kila mara kamba ilikuwa imefungwa na mwenzake yuko upande wa pili akisaidia. Jaribio lililofanyika halikuwa jaribio la hali iliyokuja kuua. Breki ingeweza kufaulu mara elfu katika mizani na isiwe imethibitisha chochote kuhusu siku mizani itakapovunjika. Ili kujua ukweli ungelazimika kulitenga behewa na kamba, au angalau kukokotoa na kupima nguvu ya breki dhidi ya uzito wote wa behewa lililojaa kwenye mteremko ule.

Niliingiwa na hamu ya kujua breki zilifanya kazi kiasi gani siku ile. Kama behewa lingeteremka mita 170 kwenye mteremko wa asilimia 18 bila kizuizi chochote, lingefika kona ile kwa kilomita karibu 87 kwa saa. Lilifika kwa 60 hivi. Nguvu ya mwendo huenda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kasi ya 60 inabeba kidogo chini ya nusu ya kile ambacho 87 ingebeba. Hesabu hii ni ya haraka, na mteremko wa barabara ile si sawa kila mahali. Hata hivyo inaonyesha kitu: zaidi kidogo ya nusu ya nguvu ya mteremko ilimezwa na breki pamoja na msuguano mwingine. Breki hazikuwa zimekufa. Zilikamata, na hazikutosha. Kwenye mteremko hakuna malipo ya nusu: breki inayozuia asilimia 90 ya mvuto bado inaliacha behewa liongeze kasi hadi chini.

Kuna kikwazo kingine kinachosahaulika, nacho ni mshiko wa gurudumu. Breki ya gurudumu, hata ikiwa na nguvu kiasi gani, haiwezi kuzuia zaidi ya kile ambacho chuma cha gurudumu kinaweza kukamata kwenye chuma cha reli. Reli ikiwa kavu na safi, mshiko unaweza kufika robo ya uzito au kuzidi kidogo. Ikiwa na unyevu au grisi, unaweza kushuka hadi sehemu ya kumi. Kulishika tu behewa lisisogee kwenye Glória kunahitaji karibu sehemu 18 kwa mia. Nafasi iliyobaki ni finyu sana siku ya jua, na siku ya mvua huenda isiwepo kabisa. Kwa hiyo hata kufunga breki kubwa zaidi kwenye magurudumu yaleyale kusingekuwa jibu kamili. Jibu la wahandisi wa njia za aina hii linajulikana: taya za chuma zinazobana kichwa cha reli chenyewe, zinazofungwa na springi, na zinazojifyatua zenyewe kamba inapolegea, bila kumsubiri binadamu.

Mesnier du Ponsard mwenyewe alilijua tatizo hili. Mwaka 1882, miaka mitatu kabla ya Glória, alijenga njia ya Bom Jesus do Monte huko Braga, kaskazini mwa Ureno. Ile ina mteremko mkali zaidi, wa kufika asilimia 42, na mpaka leo inaendeshwa kwa uzito wa maji. Lakini katikati ya reli zake kuna reli ya meno, na gurudumu la meno chini ya kila behewa linaishika reli hiyo jino kwa jino. Kila behewa lina mshiko wake usiohusiana na kamba. Glória nayo mwanzoni ilitumia meno pamoja na kamba. Leo meno hayapo. Mabadiliko ya aina hii yanataka uangalifu wa pekee, kwa sababu chombo kinaonekana kilekile, jina lilelile, abiria walewale, kumbe kiungo kilichokuwa kinalinda kimeondoka na kazi yake imerithiwa kimyakimya na kiungo kingine.

Na onyo lilikuwepo. Tarehe 1 Februari 2001, kwenye njia ndogo ya Angels Flight mjini Los Angeles, gia ya mtambo unaoendesha kamba ilichakaa na kuteleza. Behewa la juu likaporomoka na kugonga la chini. Mtu mmoja alikufa na wengine walijeruhiwa. Pale kamba haikukatika. Kilichokatika ni uhusiano kati ya mabehewa mawili, yaani mizani yenyewe. Wachunguzi wa Marekani walieleza kwamba mabehewa hayakuwa na breki za kubana reli. Ni hadithi ileile, miaka 24 kabla.

Turudi kwenye kamba ya Lisbon, maana nayo ina sehemu yake. Ilikuwa na unene wa milimita 32. Ilitakiwa kudumu siku 600 na ilikuwa imetumika siku 337. Asubuhi ya ajali ukaguzi wa macho ulifanyika na hakuna kasoro iliyoonekana. Isingeweza kuonekana: kamba iliachia pale inapofungwa, ndani ya kiungo cha chuma kilichoko chini ya behewa, mahali ambapo jicho halifiki bila kufungua na kubomoa. Sitaki kumlaumu aliyekagua asubuhi ile. Alipewa kazi ya kutazama kitu kisichotazamika.

Ripoti ya awali iliyofuata mwezi Oktoba iliongeza mambo mazito. Kamba iliyofungwa haikukidhi vipimo vilivyowekwa na kampuni ya usafiri ya mji, Carris, kwa matumizi ya njia hiyo. Haikuwa imeidhinishwa kwa vyombo vya kubeba abiria, na haikufaa kufungwa kwa namna inavyofungwa pale Glória. Wachunguzi walikuwa waangalifu hata hivyo: kamba ya aina hiyohiyo ilikuwa imetumika kabla bila kukatika, kwa hiyo hawakukimbilia kusema kosa la ununuzi pekee ndilo lililoleta kifo. Naheshimu uangalifu huo. Ripoti ilitaja pia udhaifu wa matengenezo na wa usimamizi wake, na kwamba hapakuwa na chombo cha nje kilichokuwa na mamlaka ya kuisimamia njia hii kiusalama. Chombo cha miaka 140 kilichobeba watalii na wenyeji kila siku kilikuwa kimeachwa kati ya sheria za reli na heshima ya kuwa urithi wa taifa.

Tuilinganishe sasa na lifti ya ghorofa, maana wengi wetu hatutapanda Glória lakini tunapanda lifti kazini, hospitalini na kwenye majengo ya Kariakoo au Upper Hill. Lifti ya kamba nayo inaishi kwa mizani. Chukua chumba chenye uzito wa kilo 1,000 kinachoruhusiwa kubeba kilo 630, yaani watu wanane. Uzito wa kusawazisha hupangwa uwe sawa na chumba pamoja na asilimia 40 hadi 50 ya mzigo. Kwa asilimia 50 unapata kilo 1,315. Chumba kikiwa kitupu, uzito wa upande wa pili unakizidi kwa kilo 315. Kikijaa, chumba kinauzidi kwa kilo 315. Kwa sababu hiyo mota inahitaji nguvu ndogo, na kwa sababu hiyo lifti tupu ikipoteza breki ya mota huelekea juu, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani lifti hujua kuanguka tu.

Mpaka hapo ni Glória iliyosimamishwa wima. Tofauti inaanza kwenye swali la kamba kuachia. Kwanza, lifti hainingʼinii kwenye kamba moja. Huwa kadhaa, na viwango vya Ulaya vinataka lifti yenye kamba tatu au zaidi ziwe na uwezo mara 12 ya mzigo zinaoubeba. Pili, na hili ndilo kubwa, chini ya chumba kuna taya za chuma zinazozikabili reli za mwongozo. Gavana ya spidi, yenye kamba yake nyembamba ya pekee, hupima mwendo wa chumba. Ukizidi kiwango, gavana hukamata, kamba yake inavuta wenzo, taya zinabana reli na chumba kinakwama hapohapo. Haziulizi kama uzito wa upande wa pili bado upo. Zimepimwa kukishika chumba peke yake, kikiwa na mzigo wake kamili. Elisha Otis alilionyesha wazo hili mbele ya umati kwenye maonyesho ya Crystal Palace mjini New York mwaka 1854: akasimama kwenye jukwaa lililoinuliwa, kamba ikakatwa, jukwaa likashuka kidogo na kushikwa.

Kwa hiyo ninapoangalia mizani ya lifti naitazama kama akiba ya umeme na utulivu wa safari, na ninakataa kuihesabu kama kinga. Mtazamo huu una matokeo ya moja kwa moja kazini. Mwenye jengo akiamua kutandika vigae vya mawe kwenye sakafu ya chumba na kubandika vioo ukutani, ameongeza kilo ambazo hazikuwemo kwenye hesabu. Fundi mzuri atapima mizani upya: ataweka nusu ya mzigo, atapima ampea za mota chumba kinapopita katikati ya njia kikipanda, kisha kikishuka, na ataongeza vipande vya chuma upande wa pili mpaka namba zilingane. Lifti itatembea laini, mota haitapata joto, mteja atafurahi. Na hapo ndipo hatari inapojificha, kwa sababu zile taya chini ya chumba zinabeba uzito mpya wote bila msaada, na hakuna kipande cha chuma unachoweza kuweka upande wa pili kikazipunguzia kazi. Ni lazima uzito mpya ulinganishwe na uwezo wa taya, wa gavana na wa springi zilizoko chini kabisa ya shimo la lifti. Mizani iliyorekebishwa vizuri inaweza kuficha breki ya dharura iliyozidiwa, kama ilivyoficha udhaifu wa breki pale Lisbon.

Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya 2007 inataka lifti zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Ukaguzi huo una thamani ikiwa mkaguzi atauliza swali la kamba kuachia, na si kusikiliza tu kama mlango unafunga vizuri. Ningependa kila anayesimamia jengo aombe kuona kumbukumbu ya jaribio la taya: lini zilifyatuliwa mara ya mwisho, chumba kikiwa na mzigo gani, kilisimama baada ya umbali gani, na kama kamba kuu zilionekana zimelegea wakati chumba kimeshikwa. Hilo la mwisho halihitaji uhandisi kulielewa. Kamba zikilegea na chumba kikabaki palepale, taya ndizo zinazokishika.

Huko Lisbon, njia nyingine za mji zilisimamishwa baada ya ajali, zikiwemo Lavra na Bica, ambazo nazo ni kazi za Mesnier du Ponsard zenye mabehewa mawili kwenye kamba moja. Wachunguzi wa GPIAAF walipendekeza zisirudi kazini mpaka ithibitishwe kwamba breki zake zinaweza kulisimamisha behewa hata kamba ikiwa imekatika.